Kiinua Mgongo cha Shangazi

Pikipiki ikikuharibikia hapa Kikambala saa nane za usiku, usiwe na wasiwasi, fundi utampata. Atatoka na simu inayomulika ameibana kwa meno, atalala chali mchangani, na kabla ya adhana ya alfajiri mwenye bodaboda yuko barabarani anapakia abiria wa Mtwapa. Pampu ya kisima ikikwama, hali ni hiyo hiyo. Mashine ya posho ikinyamaza, mafundi wataigombania. Chombo kinacholeta hela hakikosi daktari. Lakini peleka chombo cha starehe, kitu cha kumpunguzia mtu mzima kuinama, uone. Kila fundi atakutazama kana kwamba umemletea paka ukitaka amnyoe.

Nasema kwa uchungu, maana nimezungushwa na kifyonza vumbi. Na hata si changu. Ni cha shangazi yangu, na kwake yeye hicho si kifyonza vumbi, ni kiinua mgongo.

Shangazi alitumika nusu ya umri wake katika nyumba moja ya ufuoni, kwa Waingereza wawili, mume na mke, waliokuja kustaafu baharini kama walivyofanya wenzao wengi wa enzi hizo, kuanzia huku kwetu mpaka Malindi. Alifua, alipiga pasi, aliogesha mbwa. Siku walipouza nyumba na kurudi kwao, kila mfanyakazi akagawiwa kitu. Mtunza bustani alipata toroli. Mlinzi alipata koti la mvua na tochi. Shangazi, aliyekuwapo muda mrefu kuliko wote, akapewa kilichokuwa kizito kuliko vyote: mashine ndefu ya bati nene, yenye mpira wa kufyonzea, mfuko wa kitambaa tumboni, na kibao kidogo kinachosema imetengenezwa Uingereza. Akashukuru, akajitwika kichwani, akaenda nayo kijijini kwenye nyumba yenye sakafu ya udongo, mahali ambapo nguzo ya stima ilikuwa bado haijaota.

Siku hizi tuna Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, inayosema mtu akipunguzwa kazini alipwe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumika. Nimeisoma kwa makini. Hakuna mahali inapotaja mpira wa kufyonzea. Lakini shangazi aliaga kazi kabla sheria hiyo haijaandikwa, kwa hiyo aliyopewa ndiyo hiyo, na ole wako umwambie kwamba alipunjwa. Miaka yote ile mashine ililala chini ya kitanda, imefunikwa leso, na wageni wa heshima walifunuliwa wakaiona. Stima ilipofika, ikawashwa mbele ya kijiji. Na alipohamia kwangu uzeeni, alikuja na sanduku moja la nguo na mashine.

Hapo nikiri kwamba mashine ilipata kazi. Nyumba yangu nimeiezeka makuti, na anayelala chini ya makuti anajua bei ya ule ubaridi wake. Paa likishazeeka kidogo linaanza kupukutika. Asubuhi unaamka una unga wa kahawia juu ya chandarua, vijiti ndani ya kikombe, na vitu vingine ambavyo mjusi peke yake ndiye awezaye kuvieleza. Upepo wa kusi unaleta mchanga wa pwani. Kazi ya kupanua barabara ya Malindi inaleta vumbi la kokoto. Basi shangazi anafyonza. Anafyonza zulia, anafyonza mikeka, anafyonza godoro, amewahi kumfyonza mjukuu kichwani akitafuta makuti.

Kisha mashine ikaanza kulia.

Mwanzoni ulikuwa mluzi mwembamba tu. Ukaja mkwaruzo. Mwishowe likawa yowe, na harufu ya waya wenye moto, na cheche za buluu ukichungulia kwenye matundu ya nyuma. Jirani akaja kuuliza kwa adabu kama nimefungua karakana ya mbao na kama nina leseni ya kaunti. Kuku walihama wenyewe.

Ugonjwa wenyewe si wa ajabu. Ndani ya mota mna shafti moja, na hiyo shafti inashikwa na beringi mbili, moja mbele karibu na feni, moja nyuma karibu na brashi za kaboni. Beringi ni pete mbili za chuma, moja ndani ya mwenzake, na katikati gololi zinazotembea kwenye grisi. Grisi ikikauka, na huku kwetu hewa yenyewe ina chumvi ya kutosha kuungia mchuzi, kutu inaingia na gololi zinaanza kula njia yao. Pangaboi likifanyiwa hivyo halijali sana. Pangaboi hata ukiliweka kwenye namba ya mwisho linazunguka kama mara 300 kwa dakika, linaweza kugugumia miaka kumi na watu wakalala chini yake. Mota ya kifyonza vumbi inapita mizunguko 10,000. Beringi ikilegea kidogo tu, shafti inacheza, brashi zinarusha cheche, na ukizidi kupuuza, rota inasugua chuma kinachoizunguka na mota yote inaungua. Yaani mzigo wa kilo kadhaa unakufa kwa sababu ya vidude viwili vinavyoenea kwenye kiganja cha mtoto.

Nikaipakia kwenye tuktuk mpaka Majengo.

Ushauri niliopewa njiani haukuwa na bei, na ndiyo maana ulikuwa mwingi. Dereva wa tuktuk alisema ninunue mpya ya Mchina. Kijana wa bodaboda kituoni alisema, "Mzee, fagio la chelewa ni hela ngapi?" Muuza mahamri alitaka kujua kama ni jenereta. Mwingine, mtu mzima mwenzangu, aliniambia vitu hivi ni vya Wazungu matajiri, sisi tunajitafutia maradhi ya bure.

Huyo nilimjibu. Kweli, mashine ya kwanza ya Hubert Cecil Booth, ya London mwaka 1901, ilikuwa ya wenye nafasi: kubwa hata ikabaki barabarani kwenye gari la farasi, mipira ikipitishwa madirishani. Lakini hii ndogo ya umeme, ya kuburuta ndani ya nyumba, ilibuniwa na mfagiaji. James Murray Spangler alikuwa akifagia duka huko Canton, Ohio, na vumbi likimpa kikohozi. Akachukua mota ya feni, mpini wa fagio na foronya ya mto, akaviunganisha, akapata hataza mwaka 1908. Haki akamuuzia W. H. Hoover, na kila mtu anajua ni jina la nani lililoandikwa kwenye mashine. Jioni nilipomsimulia shangazi kisa hicho alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: "Naye walipomuaga walimpa nini, mashine?"

Fundi wa Majengo ni hodari, sitamvunjia heshima. Anafunga upya mota za pampu na mapangaboi ya nusu ya hoteli za ufuoni yamepita mikononi mwake. Lakini aliitazama mashine ya shangazi bila kuinuka kwenye stuli.

"Hii ni ya kutupa, bosi."

"Beringi tu, fundi."

"Ndiyo, lakini ni beringi za kitu cha kutupa."

Nikarudi nayo. Kesho yake shangazi akaenda mwenyewe, mimi nikimfuata na mashine. Alikaa kwenye benchi la fundi, akafungua tasbihi, akaanza kumwombea dua kwa sauti, akimtaja yeye na mama yake, wateja wakisikia. Kabla ya adhuhuri bisibisi ilikuwa imeingia kazini.

Na hapo ndipo fundi alipobadilika uso. Vitu vya siku hizi ukivifungua unakuta plastiki zilizobanwa kwa vijino: ukivunja kimoja umekwisha. Hii ilikuwa na skurubu za kichwa cha mfuo mmoja, za shaba, zikatoka moja moja bila kulalamika. Kofia ya mota ikatoka. Brashi zikatoka kwenye vijumba vyake. Kila kitu kilikuwa kimetengenezwa na mtu aliyejua kwamba siku moja mtu mwingine atakuja kufungua. Fundi alinyamaza, akafuta mikono, akaivuta stuli. Kisha akachukua venia, akapima beringi, akanyamaza zaidi.

"Tisa na nusu ndani," akasema. "Haipo."

Kwa fundi wetu beringi ni namba anazozijua kwa moyo. 608 ni milimita 8 ndani, 22 nje, 7 unene. 6900 ni 10, 22 na 6. 6201 ya mapangaboi ni 12, 32 na 10. Tisa na nusu haimo msahafuni. Akatoa maelezo yake: hii ilikuwa kumi, imelika ikawa tisa na nusu. Nikamwambia tundu likilika linapanuka, halisinyai. Akafikiri. "La Mwingereza huenda likasinyaa," akasema.

Dawa aliyokuja nayo ilikuwa ya kopo la soda. Achukue 6900, azungushe bati la kopo kwenye shafti mara mbili ili lijaze nafasi ya ndani, azungushe jingine mara moja nje, halafu atie pete ya washa pembeni kwa sababu beringi ni nyembamba. Nilipiga hesabu njiani nikirudi. Shafti ni milimita 9.525, tundu la 6900 ni 10, pengo kila upande ni karibu robo ya milimita. Bati la kopo ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, mara mbili ni mbili ya kumi. Nje pengo ni 0.11, bati moja. Hesabu yake ilikaribia kutoka sawasawa, na hilo ndilo lililonitisha. Mtu anayekosea sana unamkatalia kwa amani; anayekaribia kupatia ndiye atakayekuwekea kopo la soda mahali panapozunguka mara elfu kumi kwa dakika, karibu na miguu ya shangazi yako.

Siri ya ile tisa na nusu ni inchi. Beringi yenyewe ni tatu ya nane ndani, saba ya nane nje, tisa ya thelathini na mbili unene. Waingereza wa enzi za mashine hii walipima hivyo, na inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo hazikutani kirahisi na za milimita. Kinachoniudhi ni kwamba sisi wenyewe mpaka leo tunaishi kwa inchi. Nenda duka lolote la vifaa hapa Kikambala: mbao ni mbili kwa nne, bomba ni nusu inchi, msumari ni wa inchi nne, matofali ni ya inchi sita, televisheni ya jirani ni ya inchi 43 na inasikika kwa futi mia mbili. Inchi ziko kila mahali. Ila mahali nilipozihitaji.

Basi Mombasa. Sitaeleza safari, maana anayeijua foleni ya kabla ya daraja la Mtwapa anaijua, na asiyeijua aendelee kumshukuru Mungu. Duka la kwanza, kijana aliuliza, "Ya gari gani?" Si ya gari. "Pikipiki?" Si pikipiki. "Ya mbele au ya nyuma?" Nikasema zote mbili, na hilo lilikuwa kweli, akaingia ndani akatoka na beringi ya gurudumu la Probox, ambayo ungeweza kuivaa mkononi ukaenda nayo harusini. Duka la pili nilitolewa beringi kwenye boksi zuri lenye jina kubwa la Ulaya kwa bei ya kuokota. Boksi lilikuwa na herufi moja iliyopinda. Nikaizungusha beringi kidoleni, ikatoa sauti ya mchanga. Nikamrudishia na salamu.

Duka la tatu nilimkuta mzee mwenye miwani ya kusomea, amekaa nyuma ya rafu ambazo sidhani zimepanguswa tangu shilingi iwe na thamani. Hakuuliza gari. Alipokea beringi mbovu, akaigeuza, akapima, akasema, "R6."

Nilitaka kumbusu.

R6 ndilo jina lake la kimataifa, kumbe linajulikana. Swali lililobaki ni mavazi. ZZ ina vifuniko vya bati pande zote mbili, 2RS ina vya mpira. Mimi nikiwa mtu wa pwani nilitaka mpira, uzuie chumvi na mchanga. Mzee akakataa: mpira unagusa pete ya ndani, unasugua, kwa kasi hiyo unaongeza joto bure. Bati haligusi. Chukua ZZ. Hakuwa nazo, akaziagiza Nairobi, na bei aliyonitajia kwa mbili ingenunua samaki changu wa kulisha nyumba nzima na majirani wenye malalamiko. Zikakawia, kama ilivyo desturi ya kila kitu kinachoagizwa Nairobi kwa ajili ya pwani, kisha zikashuka na basi la usiku ndani ya bahasha iliyoandikwa jina langu vibaya.

Sasa nani azitie? Fundi wa Majengo alikuwa tayari. Alikuwa na nyundo mkononi alipokuwa akisema yuko tayari. Nikaaga.

Shangazi ndiye aliyemkumbuka mzee mmoja wa Vipingo, aliyefanya kazi kwenye karakana ya shamba la mkonge. Ungeipita Vipingo kwa matatu usingefikiri kitu ila mistari ya mkonge inayokwenda mpaka macho yachoke. Lakini mkonge huchambuliwa kwa mashine, na mashine hizo nyingi ni za zamani, na waliozitunza walikulia kwenye inchi. Tulimkuta barazani. Shikamoo, marahaba, habari za Kikambala, maji, chai, mvua za mwaka huu. Ndipo nikafungua gunia.

Mzee aliinuka mwenyewe bila fimbo.

Sijaona mtu akifurahia uchafu namna ile. Aliita vipimo kwa inchi na vipande vya inchi, akaipapasa kofia ya mota, akauliza ni nani aliyezifungua skurubu hizi kwa bisibisi nyembamba, nikamwangalia shangazi, shangazi akaangalia dari. Kisha akaanza kazi na kugomba kwa wakati mmoja. Alitia alama kwa mkwaruzo wa msumari ili kofia irudi ilivyokaa. Brashi kila moja aliiweka upande wake, kwa sababu imeshalika kufuata umbo la mahali pake na ukiibadilisha inaanza cheche upya. Beringi za zamani alizivuta kwa pula, taratibu, nusu zungusho, anapumzika, nusu zungusho. Shafti ikasafishwa kwa mafuta ya taa na kitambaa. Nikataka kuipitisha msasa kidogo ing'ae. Akaninyang'anya.

Kutia mpya hakutumia nyundo. Alikuwa na kipande cha bomba ambacho mdomo wake unakaa juu ya pete ya ndani peke yake, akaibana shafti kwenye jiriwa pamoja na bomba, akakaza. "Pete inayokaa kwa nguvu ndiyo unayoisukuma," akasema. "Ukigonga pete ya nje pigo linapita kwenye gololi, gololi inachimba kishimo, na hapo umenunua kelele mpya kwa hela yako." Nikauliza tuongeze grisi. Akaniuliza kama wali ukishapikwa huwa naongeza maji. Mtoto wake aliniashiria ninyamaze.

Tukawasha. Mzee akaweka ncha ya bisibisi kwenye kofia ya mota na mpini sikioni, akasikiliza nyuma, akasikiliza mbele, akaizima. Hela alichukua kidogo mno nikaona haya, nikamwongezea ya sukari.

Nyumbani shangazi alichomeka waya, akabonyeza. Mashine ikavuma, uvumi wa chini, wa kiungwana. Zulia likavutwa. Mjukuu akakimbia. Mimi nikakaa kitako nikisubiri pongezi, maana nadhani nilizistahili, hasa kwa ile foleni ya Mtwapa.

Shangazi akazima. Akawasha tena. Akazima.

"Mbona hailii?"

"Imepona, shangazi."

"Ilikuwa inavuma mpaka kwa mwenyekiti wa nyumba kumi. Sasa watu watajuaje kama ninayo?" Akaizunguka, akaigonga ubavuni kwa kucha. "Wametoa kitu ndani. Mafundi hawa nawajua. Umeona wakitoa?"

Nikamwambia zimetolewa beringi mbili, mbovu, zimeliwa na kutu, hazina kazi.

"Na ziko wapi?"

Nikasema zimebaki Vipingo, kwenye kopo la mzee, pamoja na vyuma vingine vya kutupa.

"Baba," akaniambia kwa upole, na akiniita baba huwa najua nauli imeshaanza kunitoka mfukoni, "kile ni kiinua mgongo changu chote. Nilipewa kikiwa kizima. Kesho asubuhi nenda ukaniletee zilizobaki."

Nimeuliza kituoni. Matatu ya kwanza ya Vipingo inapita saa kumi na mbili, na vumbi la barabara, wanasema, wakati huo bado halijaamka.